Simu Mvunguni

Wiki ya kwanza niliiweka simu kando ya mto.
Ililia, nikaizima ndani ya usingizi
kama mtu anayefukuza inzi.
Kalunde akafika shule saa mbili, hajanywa uji,
sweta kageuza ndani nje.

Wiki ya pili nikaisukuma mvunguni,
kule kwenye viatu visivyo na wenzake,
nyuma ya kopo la vifungo.
Mtaka cha mvunguni, walisema, sharti ainame.
Nikainama. Saa kumi na nusu, Isevya kiza totoro,
fundi cherehani wa miaka kumi na tisa
kwa magoti na viganja, matako juu,
anapapasa saruji baridi ya mwezi wa saba
akimtafuta jogoo wa plastiki.

Mimi ni mtu wa usiku, mnisamehe.
Mishono yangu mizuri yote imezaliwa baada ya saa nne,
mtaa ukishanyamaza, redio ikinong'ona,
cherehani ikitafuna kitambaa
taratibu, kama mbuzi asiye na haraka.
Nililala saa saba, saa nane,
na asubuhi ilinifikia imeshapikwa:
chai mezani, uwanja umefagiliwa,
mtoto keshatoka, jua limekaa dirishani linanisubiri.
Nilidhani asubuhi huja yenyewe.

Kumbe kuna anayeiwasha.

Kuna mkaa wenye unyevu unaokataa
mpaka uubembeleze kwa kipande cha mshumaa na pumzi.
Kuna bomba linalotoa maji saa kumi na moja tu,
likikohoa kwanza, likitema upepo,
kisha uzi mwembamba, kisha ghafla hasira;
na Mama Kashindye wa jirani, na ndoo zake saba,
aliyenitazama siku ile ya kwanza
kana kwamba kaona fisi kapanga foleni,
akasema tu, "Leo kumekucha kweli."
Kuna uji unaoshika chini ukigeuka kutafuta soksi.
Kuna soksi.
Miaka yote hiyo sikujua kwamba soksi hupotea.

Nyamizi yuko Kigoma, anasomea ukunga, miaka miwili.
Treni ya kwenda huko, siku ikipita, hupiga honi kabla ya adhana.
Zamani niliisikia kutoka ndani ya ndoto,
kama ng'ombe wa mtu mwingine.
Sasa naisikia nimesimama, mwiko mkononi,
na najua inageukia wapi.

Mwezi wa tatu huu. Siwezi kusema nimezoea.
Macho yana mchanga,
saa nane mchana nasinzia juu ya nguo za watu;
juzi nimeufunga mguu wa suruali ya mwalimu mmoja
ukawa gunia. Amecheka, lakini hajalipa.
Kalunde ananiambia, "Baba, ukiamka unanuna kama paka wa msibani."
Namwambia anywe uji.

Jana Jumapili sikutega kengele.
Saa kumi na nusu macho yakafunguka yenyewe,
pwaa, kama kifungo cha shati linalobana.
Nilikasirika. Nikageukia ukuta. Nikahesabu mistari ya bati.
Mwishowe nikatoka na blanketi, nikakaa kizingitini.
Bomba lilikuwa bado halijaanza kukohoa.
Anga la upande wa stesheni likawa linabadilika
kama chai ya rangi inayomiminiwa maziwa kidogo kidogo,
na hapakuwa na mtu wa kunihitaji,
na sikutaka kurudi ndani.
Nikamwandikia Nyamizi: Umeamka?

Jibu lilikuja saa mbili na robo.
Baba Kalunde, Jumapili huku nalala mpaka jua linichome.
Hakuna anayeniita. Usimwambie mtu.

Nikacheka peke yangu uani, povu la mswaki mdomoni.
Lala, nikamjibu. Lala, mama.
Kisha nikaingia chumbani, nikainama,
nikairudisha simu mvunguni.