Upana wa Mlango

Waliniita Jumatatu, hoteli ya Shanzu.
Nikenda na futikamba, penseli sikioni.
Agizo: meza moja ndefu ya mvule,
watu kumi huku, kumi kule,
wamalize vita vya miaka kumi na minne.

Jumanne wakasema, meza ndefu ina kichwa;
kichwani atakaa nani?
Haya. Nikakata duara.
Jumatano wakasema, kwenye duara magoti hugusana,
nasi na hawa hatujafikia kugusana.

Basi meza mbili, pengo katikati.
Pengo la kiasi gani?
Hapo zikazama siku tisa.
Wa mlimani wataka dhiraa nne, wasisikie pumzi za wale.
Wa mtoni wataka moja, wasiambiwe wameogopa.
Balozi Nyamvula kavua viatu,
asimama pengoni tangu asubuhi, karatasi mkononi,
maana kiti chake hakikutajwa na upande wowote.
Mimi nasukuma meza. Navuta meza.
Zulia la watu limekwaruzika.

Jioni, karakanani Kibokoni,
Lokwang, kijana wangu wa randa, huniuliza,
"Leo wamefika wapi?"
"Shubiri saba."
Hucheka. Yeye ni wa huko kunakozungumzwa.

Siku ya saba hakucheka.
Alipiga randa ubao mpaka ukapitisha mwanga,
akasema, kama atajaye bei ya misumari:
"Kwetu mbao za majeneza ziliisha mwaka wa pili.
Mama tulimzika juu ya mlango wa jikoni.
Tuliung'oa na bawaba zake."

Sikuwa na neno. Nilizima taa,
nikaiwasha tena.

Wakakubaliana dhiraa mbili.
Nilipima mwenyewe, mara mbili, mbele ya majenerali,
na mkono ukanitetemeka
kwa kuwa kipimo hicho nakijua,
ndicho nipimacho kila siku
mtu akijenga.

Sahihi zikatiwa Alhamisi. Mikono haikupeanwa;
dhiraa mbili ni mbali kwa mikono ya wazee.
Pesa zangu za lile duara sijalipwa hata leo.

Lokwang akaniomba mbao zilizobaki.
"Za nini?"
"Mlango."
"Wa nyumba ipi?"
"Nyumba haijajengwa," akasema,
"lakini upana wake si twaujua?"

Nikaenda kumtafutia bawaba.