Safu ya Tatu

Mara ya tano Rubén Olascoaga analeta Pijo lake,
tano-sifuri-nne, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo,
milango minne, mmoja haufunguki kwa nje,
na kila mara huingia Durazno saa sita, akishagawa jibini,
injini imechemka, barabara nzima ya vumbi iko nyuma yake.

"Sikiliza, Nélida."
Nasikiliza.
Nalaza ncha ya bisibisi juu ya kifuniko cha valvu,
mpini nauegemeza mfupa wa nyuma ya sikio,
na chuma kinanisimulia mambo yake ya siku zote:
tapeti zinagonga kwa adabu, cheni inasaga,
pampu ya maji ina kikohozi cha uzee.
Hamna kitu, Rubén.
"Kipo. Kama ukucha juu ya gilasi. Ti, ti, ti.
Halafu kinaondoka."

Kinaondoka! Yamandú, kijana wangu wa spana,
anageukia ukuta apate kucheka vizuri.
Nimevua mkanda wa feni. Nimebadili oili.
Nimechomeka mpira wa bustani sikioni
na ncha ya pili nikaipitisha kila pembe,
kama anayetafuta mapigo ya ndama tumboni mwa ng'ombe.
Daftarini, safu ya tatu, pale pa kasoro: HAMNA.
Mara nne HAMNA. Herufi zinazidi kunenepa.

Niliwaza, nakiri, kwamba mtu wa miaka sabini na moja
anayeishi na redio na mbwa kiziwi
huenda anahitaji mlio.

Jumanne moja ya jalidi, Julai, kabla hakujakucha,
niliendesha kilomita ishirini na mbili hadi kwake.
Sikwenda kwa wema. Nilikwenda ili yaishe.
Nyasi zilikuwa nyeupe, zikivunjika chini ya viatu kama maganda ya mayai.
Alinipa mate chungu katika kibuyu, tukapokezana mrija uleule.
Hakusema neno. Akawasha.

Ti.

Ti, ti, ti, ti,
mdogo, mkavu, wenye haraka,
kama mtu anayehesabu sarafu chumba cha pili
na hataki asikike.

Mbwa hakutikisika. Mimi nywele zilinisimama.
Nilikuwa na dakika chache tu, injini haijapata moto.
Nikachomoa waya wa plagi ya kwanza: ti, ti.
Wa pili: ti, ti.
Wa tatu, injini ikachechemea, na mlio ukafa.
Nikaurudisha: ukafufuka.
Tochi. Chini kule, manifoldi ya ekzosi inapokumbatia silinda hedi,
mstari wa masizi, mwembamba kuliko wanja.

Ufa.
Baridi inaufumbua, moto unaufumba.
Chuma kikipata joto hutanuka, kikaziba kidonda chake chenyewe,
nawe unayeletewa saa sita
unamkuta mgonjwa kaoga, kakaa, anakuamkia.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo,
ila huu ulijiziba kila mchana
na kila usiku ukasahau.

Rubén aliweka kiganja juu ya boneti. Sikumtazama usoni.
"Basi," alisema, "masikio yangu bado yangu."

Manifoldi tuliipata Paysandú, kwenye gari lililoliwa na kutu.
Boliti moja ilikatikia ndani, kama ilivyo desturi ya boliti,
na matusi yangu yalisikika hadi kwa mwoka mikate.
Kisha daftari. Safu ya tatu.
Nikazikata HAMNA zote kwa mstari mmoja, nikaandika:
fundi alisikiliza mchana.

Safu ya malipo Yamandú aliuliza aweke nini.
Jibini, nikamwambia. Nusu kilo, na hiyo ni nyingi.
Hakucheka. Alifuta mikono, akaenda mlangoni
ambako mwanamke mmoja alikuwa anashuka kwenye Fiati ya kijani,
na kabla hajamsalimu sawasawa akamuuliza:
"Huwa linalia saa ngapi?"