Kuti Jekundu

Mbegu niliipata Thio, bei ya bakuli la supu,
kwa mtu aliyekuwa na haraka ya basi.
"Ya nini?"
"Ya mti," akasema, akapanda.

Niliimenya nyama yake nyekundu, nikailoweka siku tatu,
nikaifukia nusu katika kopo la rangi lililotobolewa,
mchanga kidogo, majani yaliyooza,
kivulini nyuma ya banda la kuku.
Miezi minane kimya.
Wa tisa likachomoza jani moja, limepasuka katikati,
mkia wa mbayuwayu.

Ndipo majirani wakaanza kulidai.
Mama Thoa, ambaye babu yake aliletwa kutoka Tonkini
kuchimba nikeli: "Mpopoo huu. Nitatafuna."
Petelo, mtu wa kisiwa cha Wallis: "Mnazi. Subirini dafu."
Mimi nilijua moja tu, kwamba si mvumo.
Mvumo hukunjua kiganja; huu ulitoa chane
huku na huku ya upongoo,
unyoya wa ndege ambaye hatujamwona.

Nimeukosea. Mwaka wa pili
niliuhamishia juani, kwa kiburi,
ukaungua kingo zote, rangi ya tumbaku.
Nikauomba radhi kwa ndoo, jioni hadi jioni.
Haupendi kuhamishwa. Nani anapenda?

Kisha pete shinani, na shingo ya kijani, laini,
kama imepakwa nta.
"Popoo," Thoa akanong'ona, akahesabu miaka yake.

Mwaka wa saba, baada ya mvua za Februari,
mkuki wa kileleni ukafunguka mwekundu.
Si wekundu wa kukauka.
Ni ule wa udongo wa mgodini,
unaobaki kwenye soli hata ufue kwa sabuni gani.
Thoa alikuwa na kibanio cha nguo mdomoni. Akakitoa.
"Basi si wangu."
Halafu, taratibu: "Ni wa hapahapa."

Siku kumi tu. Ya kumi na moja
kijani kikaanza kupanda kutoka kwenye upongoo.
Petelo alikuwa Nouméa, hospitalini, na mguu wake wa sukari.
Aliporudi akautazama juu chini.
"Si niliwaambia? Mnazi."
Picha hatuna; simu ya Thoa ina ufa kwenye jicho.

Nimemwekea kiti pale chini.
Mkuki mpya umefika urefu wa mkono.
Kila asubuhi anakuja na fimbo, anakaa, anatazama,
na ananiuliza kama nimenoa panga la madafu.