Baiti Hamsini

Saa tisa usiku. Kajaani, na theluji
imepanda hadi vizingiti vya madirisha.
Ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha karatasi
Aulikki anapita baina ya makabati ya seva,
masikio kayaziba, kikoti cha sufu kimemkaa vibaya,
laptopu kaipakata kama mtoto aliyekataa kulala.

Seva mbili hazionani, ndivyo alivyoambiwa.
Au tuseme: zinaonana, hazielewani.

Moja iko ukumbi wa kwanza, ya pili ukumbi wa nne,
kati yao milango ya chuma, ngazi, kebo zisizo na mwisho.
Zenyewe hazijui. Zimeambiwa ni majirani,
ukuta kwa ukuta, nazo zinaamini,
kwa kuwa kila zikibisha hodi
hujibiwa karibu.

Wachukuzi hazijawahi kuwaona.
Pakiti ikitoka mlangoni
swichi huitia ndani ya bahasha ya pili,
huandika juu yake anwani nyingine
na namba ya ukoo, elfu saba na kumi na mbili,
isije ikachanganyika na pakiti za watu baki
zinazopita kebo hiyo hiyo, usiku huo huo,
bega kwa bega pasipo kujuana.
Upande wa pili bahasha huchanwa, hutupwa.
Mpokeaji husoma barua
asijue kwamba ilisafiri imevikwa.

Ujanja mzuri. Umetumika miaka mitatu.
Usiku huu "Upo?" inafika, "Nipo" inarudi,
lakini picha za mapafu kutoka hospitali ya Oulu
zinaingia njiani, na njia inazimeza.
Hakuna kilio, hakuna taarifa ya msiba.
Daktari wa zamu amepiga simu mara mbili,
ya pili bila salamu.

Aulikki anapima. Baiti mia nne: zinapita.
Elfu moja: zinapita. Elfu moja na mia nne: zinapita.
Elfu moja na mia tano:

kimya.

Anacheka peke yake, cheko la mtu aliyejiuma ulimi.
Waraka ni nusu ya kuonana, sawa,
lakini bahasha nayo ina unene wake.
Baiti hamsini, basi. Barua iliyojaa pomoni
ikishavikwa haipiti tena kwenye mlango
uliokatwa kwa kipimo cha barua tupu.
Na mlango wenyewe ni mmoja: swichi mpya, safu ya kumi na moja,
iliyofungwa Jumanne na mtu mwenye haraka.
Sahihi kwenye karatasi ya kazi ni yake.

Baba yake, Ilpo, alikata karatasi humu humu
miaka ishirini na sita, pale penye feni sasa.
Alizoea kusema karatasi ya bahasha
isidharauliwe eti kwa kuwa haisomwi.
Siku hizi yuko Sotkamo, peke yake tangu Machi.
Jumapili humpigia. "Upo, baba?"
"Nipo."
Laini safi, haina hata mkwaruzo,
na lile jingine, lile refu, la mama na la nyumba,
halijapita bado.

Anaupanua mlango. Amri moja, mstari mmoja.
Picha zinamiminika: mbavu, mbavu, kivuli, mbavu.
Saa kumi na dakika nane daktari anaandika "Asante."
Neno dogo. Hilo lingepita hata jana.

Anazibua masikio. Anaitazama simu yake.
Ni Alhamisi, si siku ya kupiga.
Baba huamka saa kumi na moja.