Nyumbani Mara Mbili

Kwenye ratiba imeandikwa "nyumbani" mara kumi na tano:
nane Mafinga, saba Mbeya.
Mimi ndiye mtunza jezi. Nimezihesabu zote
kwa vipande vya sabuni.

Mwenye kiwanda cha mbao alitaka timu ichezee kwake,
mwenye mashine ya mpunga naye kwake.
Wakaupasua msimu kama gogo,
kila mmoja akabeba ubao wake,
sisi tukabaki maranda.

Mafinga jezi hazikauki.
Ukungu unatoka kwenye misindano, unakaa kambani kama mgeni,
jioni naanua soksi nzito kuliko nilivyozianika.
Vijana wanavaa unyevu wao, wanarukaruka,
na Gwakisa, kipa wetu, anapuliza glavu
kama anayewasha kuni mbichi.
Mbeya, mwezi wa nane, zinakauka kabla sijafika mwisho wa kamba,
ila vumbi la Uyole halina adabu:
namba tisa ya Lusajo ilikuwa nyeupe,
sasa ina rangi ya chai ya jana.

Tukifungwa Mafinga, jukwaani wanasema,
hiyo timu ya Mbeya.
Tukifungwa Mbeya, wauza parachichi getini wanasema,
warudisheni kwao Mafinga.
Mwezi wa kumi tulishinda, mara moja,
bao la mgongo,
Chengula amegeuka kumlalamikia mwamuzi, mpira ukamgonga ukaingia.
Siku ile tulikuwa na wenyewe kila kituo,
hata muuza vitunguu wa Chimala alituita wanangu
na bei hakupunguza.

Dereva wetu, Luvanda, anasema akibadilisha gia:
*Mwenye nyumba mbili hizi hulala njaa njiani.
Huku, kashakula kule; kule, kashakula huku.*

Kuna siku Lusajo aliingia chumba cha wageni.
Akakaa, akavua viatu, akatundika shati
katikati ya watu waliokuja kumfunga.
Hawakumcheka. Walisogea kwenye benchi.
Hilo ndilo liliniuma.

Mwezi wa pili, basi likakata mkanda Makambako.
Fundi akasema saa nne usiku, labda.
Upepo wa pale mnaujua: unakuuliza jina,
ukijibu unalichukua.
Mama Nyagawa akatupikia ugali bila kuuliza nani atalipa.
Alikumbuka kuwa Chengula hali maharage,
kwamba Gwakisa anataka ukoko,
kwamba mimi nina jino.
Tulikuwa tumepita kwake mara ishirini na kitu
tukidhani tunapita tu.

Vijana wa gereji walikuwa na mpira.
Uwanja: pale yanapolala malori.
Goli: tairi hapa, dumu la oili pale.
Tukashinda manne kwa moja,
na lile moja Gwakisa alilifungulia mlango mwenyewe, akicheka,
sijawahi kumwona akicheka akiwa golini.
Utingo mmoja akauliza kutoka juu ya mzigo wa viazi,
"Hawa wa wapi hawa?"
Lusajo, mdomo umejaa muwa:
"Wa hapa."

Hayo manne hayapo kwenye msimamo.
Msimamo unasema sisi wa mwisho, pointi kumi na moja,
mechi nne zimebaki, mbili huku, mbili kule.

Usiku ule nilihesabu jezi, namba saba haikuwepo.
Safari iliyofuata niliiona dirishani:
kwenye kamba ya Mama Nyagawa,
imejaa upepo kifua kizima,
imekauka kuliko nilivyowahi kuikausha.
Sikumwambia Luvanda asimame.

Kwenye fomu ya upotevu, penye *mahali*,
nikaandika: nyumbani.
Mabosi wote wawili wametia sahihi,
kila mmoja akimlaumu mwenzake.