Chumvi Hulia

Nimeosha vyombo vya madaktari kumi na tisa
kabla hawajawa madaktari.
Mimi Hilkka, fundi wa maabara, Oulu, ghorofa ya tatu,
miaka thelathini na mmoja mikono ndani ya povu.
Najua nani huacha agari ikaukie kwenye sahani,
nani hulia chooni,
nani huandika tarehe.

Wa ishirini ni Raili.
Alikuja Septemba na begi la mgongoni na protini moja:
kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni
kama msusi wa mikeka anavyokaza ukili.
"Miaka minne," profesa alimwambia, "utupatie umbo lake."
Kana kwamba umbo ni deni
na siku ya kulipa inajulikana.

Januari, nje ni hasi ishirini na sita.
Chumba cha baridi ni nyuzi nne juu ya sifuri,
basi tunaingia humo kuota joto,
tunacheka, ukungu unatutoka midomoni.
Humo protini yake inashuka kwenye mrija wa kioo,
tone, kisha tone, kisha hakuna,
naye kaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa
kama anayechunga maziwa yasifurike jikoni.

Niliona akiipoteza mara ngapi?
Iliganda kama ute wa yai.
Ilitafunwa na vimeng'enya vingine vyenye njaa.
Usiku mmoja wa Jumamosi umeme ulizimika,
lita sita za bakteria zikafa kwa kukosa kutikiswa.
Jumatatu hakusema neno.
Alikuja tu kunisaidia kuosha chupa.

Mwaka wa tatu, asubuhi, akapiga ukelele:
safu ya C, kishimo cha saba, fuwele!
Kali, yenye pembe, ikimeta kama iliyopigwa msasa.
Tulipanga foleni kwenye darubini, hata mfagiaji.
Profesa alikwisha tuma mtu akanunue keki.
Nikamvuta Raili pembeni: iguse kwanza kwa sindano.
Akaigusa.
Ka!
Kama changarawe iliyojificha kwenye wali.

Chumvi hulia.
Protini haina ugumu huo, nusu yake ni maji;
ukiibonyeza, inavunjika kimya.

Akavaa koti, akaenda kutembea juu ya mto ulioganda.
Alirudi baada ya saa mbili, kope nyeupe,
akauliza kama kuna sahani safi.
Zilikuwepo. Huwa zipo.
Keki tuliila kesho yake, hakuna aliyeisifu.

Aprili barafu ya mto ilipoanza kupasuka
nilikuwa natupa sahani kuukuu za rafuni.
Huwa siitupi bila kuuliza mwenyewe.
"Ya Novemba," akasema, "tupa,"
kisha mkono wake ukakataa.
Safu ya F, kishimo cha pili:
kitu kidogo, butu, kama chembe ya sukari iliyolowa.
Kimoja tu.

Kukijua ni kukivunja.
Akaniuliza, "Ungekuwa wewe?"
Nikasema mimi naosha vyombo.
Akaniangalia kwa muda mrefu, maana alijua nadanganya.
Kisha akashika sindano.

Sote wawili tuliinama, kana kwamba sikio lingefaa kitu.
Mkono wake ndio uliosikia:
hakuna.
Kikalegea, kikasambaa kama jibini changa.

Ndipo Raili akalia, mara ya kwanza mbele ya mtu,
naye pia bila sauti.
Nikakumbuka kwamba machozi yana chumvi,
nikamsogeza mbali na sahani.

Daftari la Novemba lilikuwa na tarehe,
kipimo cha asidi, jina la chupa, hata saa.
Nikamkatia kipande cha mkate wangu wa iliki,
akakila amesimama, akihesabu kwa midomo
atahitaji sahani ngapi.
Akasema arobaini.

Nikafungua bomba.