Gari Baridi

Mchana halina neno.
Saa nane, jua la Tabora limekaa utosini,
Bi Kalunde hugusa ufunguo kwa vidole viwili
nalo huitika kabla hajamaliza kuuzungusha,
pikapu ya dizeli iliyonunuliwa kwa asali ya Sikonge,
linanguruma mbele ya gereji yangu Isevya
kama mtoto aliyekesha akiungua homa
na sasa anamchekea daktari.

"Unaona?" nilimwambia mara ya kwanza. "Zima."
"Naona," akasema. "Wewe ndiye huoni."

Mara ya pili alikuja na betri mpya, ya pili tangu Mei.
Mara ya tatu jirani alikuwa ameshamwambia ni mkono wa mtu,
na binamu yake wa Urambo kwamba dizeli ya siku hizi imechakachuliwa,
na mimi, Mungu anisamehe, nikabadilisha chujio,
nikala elfu thelathini yake
kwa ugonjwa ambao sikuwahi kuuona kwa macho.

Usiku ule usingizi ulinipa mgongo.
Nikamwandikia: Kesho usiliwashe. Usiliguse. Nakuja.

Julai. Saa kumi na moja kasoro.
Baiskeli inakata Ipuli, vidole vimekufa ganzi kwenye usukani,
mbwa wamejikunja, hawana haja na mtu.
Shija yuko nyuma kwenye keria, kisanduku cha spana mapajani,
meno yanagongana.
Sijawahi kuifurahia baridi kama asubuhi ile.

Mwangaluka, mama.
Mwangaluka.
Boneti limefunikwa blanketi la maua mekundu.
Sikuuliza ni la nani.

"Washa."
Stata ikazunguka kwa nguvu, ngu-ngu-ngu-ngu, haikulegea:
basi betri haina kosa, hata ile ya kwanza haikuwa na kosa.
Nikaenda nyuma, nikachuchumaa kwenye ekzosi.
Moshi mweupe, mzito, wa kutoa machozi,
unanuka dizeli mbichi:
basi chakula kinafika jikoni, kinachokosekana ni moto.
Pampu, uniwie radhi.
Chujio, uniwie radhi zaidi.

Kuna vijiti vinne vya chuma, vyembamba kama kipande cha penseli,
vimezama kichwani mwa injini.
Kazi yao ni kuiva vikawa vyekundu kwa kitambo,
kupasha chumba kabla tone la kwanza halijaingia,
kisha kunyamaza siku nzima.
Hita plagi. Mchana nani atazikumbuka?
Nikafungua ukanda unaoziunganisha,
koleo ya taa ya kupimia nikaing'atisha chanya ya betri.
Shija akamulika kwa simu.

Ya kwanza, giza.
Ya pili, giza. Nikaikwangua kutu, nikarudia. Giza.
Ya tatu, taa ikawaka,
ndogo, ya njano, na Bi Kalunde akasema "Aa!"
kama mtu aliyeona jina lake ubaoni.
Ya nne, giza.

Moja. Miezi mitatu moja inabeba mzigo wa wenzake,
na sisi tunainunulia betri.

Mpya tulizipata mjini saa tatu, tukazifunga saa tano.
Jua limeshachoma bati, na gari, bila shaka, likawaka.
Bi Kalunde akapiga vigelegele. Mimi sikucheka.
Fedha ya ufundi sikupokea; ilikuwa imeshaliwa kwenye chujio.
Nikamwambia Shija, funga kisanduku,
lakini hatujatengeneza kitu mpaka kesho.

Kesho, saa kumi na moja na robo, simu ikaita.
Hakunisalimu. Aliiweka tu karibu na injini.
Nikasikiliza nimejifunika shuka mpaka kichwani:
ufunguo,
kimya cha kuhesabu mpaka nane,
kisha ngu,
moja tu, na ngurumo.
Na kwa mbali, ndani ya nyumba, sauti ya mtoto
akilalamika kwamba blanketi lake
linanuka oili.